Jina Lake Dada

MAMA MWENYE NYUMBA (Korogwe): Nianze mimi, maana naona mashtaka ni yangu. Nauza chapati, supu na chai karibu na stendi. Naamka saa tisa na nusu usiku, kwa sababu abiria wa basi la kwanza la Dar hawamsubiri mtu amalize kukanda unga. Nina watoto watatu, wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minne. Baba yao yuko Mirerani, hutuma akijaliwa. Nimemchukua binti wa miaka kumi na mitatu kutoka Handeni. Anakula tunachokula, analala chumba kimoja na wanangu, sikukuu ikifika namshonea kama wao. Kwao alikuwa akila mara moja kwa siku. Nionesheni dhuluma yangu iko wapi.

AFISA USTAWI WA JAMII: Iko kwenye umri, mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyohivyo, na hata akifika 14 inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtenga na shule. Tena mtoto hafanyishwi kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Wewe unaamka saa tisa na nusu. Yeye anaamka saa ngapi?

MAMA MWENYE NYUMBA: Yeye simwamshi. Anaamka mtoto akilia.

ALIYETUMIKA: Na mtoto wa mwaka mmoja hulia saa ngapi, mama?

MAMA MWENYE NYUMBA: Usiku. Watoto wote hulia usiku. Kwani Handeni ni nyumba gani ambayo binti mkubwa haamki kumbembeleza mdogo wake? Mimi mwenyewe nimelelewa na shangazi yangu Tanga, Ngamiani. Nimechota maji, nimesonga ugali wa watu kumi, nimefua mashuka hadi vidole vikachubuka. Hakuna afisa aliyekuja kubisha hodi. Leo nina biashara yangu, na shangazi yule nilimuuguza mimi mpaka anaingia kaburini. Huko kwetu tunaita kukuzwa.

MJOMBA (Handeni): Dada kasema. Binti huyo ni mtoto wa dada yangu, Mungu amrehemu mamaye, na kwetu Uzigua mtoto wa dada ni neno la mjomba. Bwana Afisa anataja sheria, nami nitaje mvua. Vuli haikunyesha. Mahindi ya masika yalitoka magunia mawili badala ya tisa. Maji tunayafuata lamboni mwendo wa saa moja na nusu, na anayeyafuata ni nani? Ni yeye, na ndoo kichwani, kabla ya jua kuchomoza. Kazi hiyo haina sheria? Au sheria inaanza mtoto akishapanda gari pale Chanika, Handeni mjini?

AFISA USTAWI: Kazi ya nyumbani kwao haijakatazwa, mzee wangu. Nilichotaka kusikia ni shule.

MJOMBA: Alimaliza la saba, akafaulu. Ndiyo, alifaulu, sifichi. Shule aliyopangiwa ni kilomita kumi na moja kwa mguu, hosteli hakuna. Ada imefutwa tangu 2016, namshukuru aliyeifuta. Lakini sare haikufutwa, viatu havikufutwa, mchango wa chakula haukufutwa, na pori la kupita alfajiri peke yake na umri ule halikufutwa. Nani kati yenu ana binti anayepita pale?

MWALIMU MSTAAFU (wa historia): Sina, mjomba. Hilo la pori ni kweli na sitalipuuza. Lakini umesema mtoto wa dada ni neno la mjomba, ukanikumbusha nilichowafundisha watoto wenu miaka thelathini. Naomba mnivumilie kidogo.

Nchi hii ya Uzigua imeonja njaa mara nyingi. Miaka ya 1830 watu waliteremka pwani kwa ajili ya njaa, wakaingia majahazini wakiambiwa watafanya kazi kisha watarudishwa. Walishushwa Barawa, wakauzwa. Vizazi vyao vilikaa bonde la mto Juba, Somalia, vikasema Kizigua huko zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na vita ya Somalia ndiyo iliyowafukuza baadhi yao wakarudi. Wako Chogo, hapahapa Handeni, wengi wamepewa uraia. Ukienda kuwasikiliza utaelewa kwamba ahadi ya “atarudi” si kitu kidogo.

Ila wengi hawakuuza. Waliweka. Mwishoni mwa karne ya 19, nzige walipokuja mwaka 1894 na njaa zikafuatana, mtu alichukua chakula kwa aliyejaliwa, naye akamwachia mtoto. Mwenye haki ya kumweka mtoto, kwa mila ya upande wa mama, alikuwa mjomba. Iliitwa rehani. Mtoto alilima, alitwanga, alilea watoto wa mwenye chakula, na kazi yote hiyo haikupunguza deni hata pishi moja, ilikuwa ni faida ya mkopeshaji. Siku mtama unaporudishwa ndiyo siku mtoto anarudi. Waliopata mavuno waliwakomboa watoto wao. Wasiopata, watoto wakabaki, na wengine wakateremshwa Pangani kwenye mashamba ya miwa, wasionekane tena. Wala hakuna mjomba aliyesema namuuza mtoto wa dada yangu. Wote walisema nanusuru ukoo. Na ukweli ni kwamba wengine waliunusuru.

MJOMBA: Mwalimu, mimi sikuweka rehani mtu.

MWALIMU MSTAAFU: Sijasema umeweka.

AFISA USTAWI: Na mambo hayo yalikwisha. Wajerumani walitoa amri mwaka 1904, kwamba atakayezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Waingereza wakaufuta utumwa kabisa Tanganyika mwaka 1922.

MWALIMU MSTAAFU: Wakaufuta kwenye karatasi. Ila mwaka huo wa 1922 una jambo ambalo wengi hawalijui. Waziri wa Makoloni wa Uingereza alikuwa Winston Churchill, na sheria ya Tanganyika ilitoka wakati wake. Mwezi Machi mwaka huohuo alisimama bungeni London kuahidi kwamba katika koloni lao la Hong Kong jambo liitwalo mui tsai litakomeshwa ndani ya mwaka mmoja. Lilikuwa hivi: familia maskini ya Kichina ilimtoa binti, mara nyingi mdogo kuliko huyu wetu, kwa nyumba yenye uwezo. Pesa zilipokewa, hati ikaandikwa. Binti akatumika bila mshahara mpaka awe mtu mzima, ndipo mwenye nyumba amtafutie mume. Mwaka 1919 mwanamke Mwingereza, Clara Haslewood, mke wa afisa wa jeshi la majini, alianza kuandika magazetini kwamba huo ni utumwa chini ya bendera yao. Wakubwa wa koloni walichukia, na watu wenye heshima mjini wakamjibu. Unajua walimjibu nini, mama? Kwamba ni huruma. Kwamba hawa watoto njaa ingewaua. Kwamba wanakula na kuvaa, na ni mila.

MAMA MWENYE NYUMBA: Usinifananishe na matajiri wa Kichina wenye majumba, mwalimu. Mimi nauza chapati! Wao walinunua mtoto kwa hati. Mimi nalipa shilingi 40,000 kila mwezi, natuma kwa simu, ujumbe wa kila mwezi ninao.

AFISA USTAWI: Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na mimi nani ameniandikia amri ya kupata 60,000 ninayobaki nayo? Bwana Afisa, tuulizane kama watu wazima. Nyumbani kwako nani anafua?

AFISA USTAWI: Dada mmoja wa miaka ishirini na mbili. Ana mkataba.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na kabla yake?

AFISA USTAWI: Kabla yake alikuwepo binti wa miaka kumi na tano. Mke wangu alikuwa amejifungua. Vifungu nilivijua, na usiku nilimwita aje kupasha maziwa. Nimelisema kwa kuwa umeuliza, na kwa kuwa ni kweli.

MWANDISHI: Naomba kuingia hapa, kisha nitanyamaza. Nimesikiliza maneno tunayotumia. Tunasema binti “anakaa” kwa fulani. “Anamsaidia” fulani. “Amepelekwa mjini.” Wenyewe tunamwita “dada”, na watoto anaowapakata wanamwita dada. Hakuna hata neno moja hapo lenye kazi ndani yake. Sidhani tumeyachagua kwa ubaya, lakini yanafanya kazi kubwa kuliko tunavyoyadhania.

MWALIMU MSTAAFU: Mui tsai nalo, kwa Kikantoni, ni dada mdogo.

MAMA MWENYE NYUMBA: Basi tumwiteje? Mtumishi? Mkimwita hivyo mtaniambia namdharau. Nikimwita dada mnaniambia namficha.

ALIYETUMIKA: Mwite jina lake, mama.

Naomba niseme mimi sasa. Nilitoka kijiji cha upande wa Mkata nikiwa na miaka kumi na miwili, nikakaa katika nyumba moja mjini kwa miaka mitatu. Hawakunipiga. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia msichana wa kazi, macho yao yanatafuta kovu. Sina kovu. Nilikula nikashiba, kuliko kwetu. Nilikula wa mwisho, jikoni, lakini nilishiba. Nilijifunza kupika pilau na kuongea na wageni. Mama wa nyumba ile hakuwa mtu mbaya, na nikikutana naye leo nitampa shikamoo kwa moyo.

Ila miaka mitatu sikusikia jina langu. Dada leta, dada ondoa, dada mtoto amejisaidia. Mshahara ulikwenda nyumbani, sikuwahi kuushika hata noti moja mkononi nikasema hii yangu. Mama yangu akipiga simu, alipiga ya mama mwenye nyumba, na mwenye simu alikaa hapo kwenye kochi. Nikiulizwa hujambo mwanangu, ningejibu nini? Mzima, mama. Kila mara, mzima, mama. Niliambiwa nikimaliza miaka mitatu nitanunuliwa cherehani. Sikuidai kwa sababu sikujua nani nimdai.

Na mwaka wa pili bibi yangu alifariki. Huyo ndiye aliyenilea, nilikuwa nalala naye. Niliambiwa baada ya arobaini. Mwenye nyumba alijua, na nyumbani walijua, wakakubaliana wao kwa wao nisiambiwe, kwa sababu ningetaka kwenda, na wiki ile kulikuwa na wageni. Wala hawakuona wamenifanyia ubaya. Waliona wamenipunguzia uchungu. Ndiyo maana naomba tusibishane sana kuhusu kufua na kuosha vyombo. Nyumbani kwetu nilifua pia. Tofauti ni kwamba nyumbani kwetu mtu akifa, naambiwa.

MJOMBA: Hilo ni kosa. Msiba haufichwi.

ALIYETUMIKA: Mjomba, yule binti wako, akisema leo jioni anataka kurudi, atarudi?

MJOMBA: Atarudi. Kwa nini asirudi?

MAMA MWENYE NYUMBA: Atarudi akimaliza mwezi wa sita. Tumekubaliana hivyo.

AFISA USTAWI: Kwa nini mwezi wa sita?

MAMA MWENYE NYUMBA: Mjomba wake anajua.

MJOMBA: Nilipokea za miezi mitatu mbele. Laki na ishirini. Mbegu, na gunia la mahindi ya kula. Kisha mwezi wa pili mdogo wake aliumwa, nikaomba tena, dada huyu akanisaidia. Simlaumu, alinisaidia.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na mimi nilikopa kwenye kikundi ili nimpe. Kila Ijumaa narejesha.

MWALIMU MSTAAFU: Sasa mjomba...

MJOMBA: Najua unachotaka kusema, mwalimu. Usikiseme. Si sawasawa. Wewe umesema kazi ya mtoto wa rehani haikupunguza deni. Huyu kila mwezi anapunguza.

MWALIMU MSTAAFU: Umenikamata hapo, na nakubali. Ni tofauti ya kweli. Lakini deni la mwezi wa kwanza kabla halijaisha, likaja la mwezi wa pili. Aliyekopa ni wewe, aliyekopesha ni mama, na anayelipa hakuwepo mlipoongea. Hakuambiwa hata ni kiasi gani.

AFISA USTAWI: Mkataba wa nyongeza wa Umoja wa Mataifa wa 1956 kuhusu utumwa unamtaja mtoto anayekabidhiwa na mzazi au mlezi kwa mtu mwingine, kwa malipo au bila malipo, ili atumikishwe. Umemweka kwenye orodha moja na mtu aliyefungwa na deni. Kwa hiyo mimi naona jibu ni moja. Kukomesha. Mtoto arudi, mwajiri achukuliwe hatua.

ALIYETUMIKA: Kaka, hapo nasita. Nimewaona waliorudishwa. Wanapandishwa gari, wanafikishwa kwa mtendaji wa kijiji, picha inapigwa. Mwezi ukipita dalali yuleyule aliyewachukua mwanzo anarudi, safari hii anawapeleka mbali zaidi, Dar, ambako hakuna hata anayejua Handeni iko wapi. Na safari hii wamefundishwa kusema nina miaka kumi na nane, na huyu ni mama yangu mdogo.

MWALIMU MSTAAFU: Hata Hong Kong ilikuwa hivyo. Ahadi ya mwaka mmoja ilizaa sheria ya 1923, na daftari la kuwaandikisha halikuanza mpaka 1929. Wengi wakageuza jina tu, mui tsai akawa binti wa kulea. Tume ikatumwa mwaka 1936, watu watatu. Wawili wakaona waendelee na waliokwisha andikishwa. Wa tatu, Edith Picton-Turbervill, akaandika ripoti yake peke yake: alindwe kila mtoto aliyehamishwa kutoka kwao kwenda nyumba ya watu, awe anaitwa mtumishi au mwana. Usiangalie jina aliloitwa, angalia anavyoishi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Kwa hiyo mje kukagua nyumba zetu? Na mtoto wa ndugu yangu aliyefiwa nikimchukua, nimwandikishe polisi? Mnaua ujamaa wa watu kwa ajili ya waovu wachache. Mimi nisingekuwa hapa kama shangazi angeogopa kunichukua.

MWALIMU MSTAAFU: Hilo linaniumiza kichwa hata mimi. Sitaki siku ambayo mtu wa Korogwe ataogopa kumpokea mtoto wa ndugu yake. Na waliowatetea watoto nao wamekosea. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipowapokea wasichana waliokombolewa utumwani, waliwaweka Mbweni, Unguja. Chini ya Caroline Thackeray baadhi yao walisoma wakawa walimu. Walioonekana hawafai kitabu wakafundishwa kufua na kupika. Walitolewa kwenye nyumba za watu wakatayarishwa kwa nyumba za watu.

ALIYETUMIKA: Shangazi yako, mama, ulipokuwa unafua mashuka, wanawe walifua pia?

MAMA MWENYE NYUMBA: Walifua. Tulipangiana zamu.

ALIYETUMIKA: Na shule?

MAMA MWENYE NYUMBA: Tulikwenda wote. Alituamsha wote kwa kipigo kimoja.

ALIYETUMIKA: Basi si sawa na huyu.

MAMA MWENYE NYUMBA: Si sawa. Sawa, nimesikia, si sawa. Lakini shangazi alikuwa na mume mwenye mshahara wa reli, na nyumba ya kwao. Mimi nikimrudisha Jumamosi, Jumatatu saa tisa na nusu usiku mtoto wangu namwachia nani? Kituo cha kulelea watoto kinafunguliwa saa moja asubuhi, na pesa yake inazidi ninayomlipa huyu. Mnazungumza kama mimi ndiye serikali.

AFISA USTAWI: Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Binti huyu ana haki ya nafasi ile aliyopangiwa. Naweza kuandika barua kesho. Kuhusu mtoto wako wa usiku, mama, barua sina.

MJOMBA: Na kuhusu pori?

AFISA USTAWI: Sina, mzee wangu.

MJOMBA: Basi niseme langu. Mbegu nilizonunua kwa pesa ile zimeota. Mvua ikiendelea hivi, mwezi wa saba nitakuwa na gunia za kuuza. Nikisema leo deni ni langu, si lake, na nitalipa mwezi wa saba, dada utakubali?

MAMA MWENYE NYUMBA: Kikundi kinadai kila Ijumaa.

MJOMBA: Nimeuliza kama utakubali.

MAMA MWENYE NYUMBA: Andika jina lako. Si lake, lako. Nitakwenda kuongea na mwenyekiti wa kikundi. Lakini kama mtoto hataki kurudi? Mmefikiria hilo? Ninaye pale, ananiambia mama sitaki kwenda kuchota maji lamboni.

ALIYETUMIKA: Anakuambia kwa sababu wewe ndiye unayemuuliza. Na mimi nilisema mzima, mama.

AFISA USTAWI: Kuna yeyote kati yetu aliyemuuliza akiwa peke yake, akajua kwamba chochote atakachojibu hakitabadilisha chakula chake?

MWALIMU MSTAAFU: Mimi sijamwona hata sura.

MJOMBA: Mimi nilimwambia tu afungashe.

ALIYETUMIKA: Yuko wapi saa hizi?

MAMA MWENYE NYUMBA: Nyumbani. Mtoto yuko mgongoni kwake.

ALIYETUMIKA: Anaitwa nani?